Farasi wa Skrini, Punda wa Amu

Hotuba hii ilitolewa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, mji ambao wenyewe huuita Amu, kwa wenye punda, wazee wa mitaa na wanafunzi. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyofuata.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mashekhe na masharifu mliohudhuria, mama zangu, wenye punda na mahamali, na nyinyi wanangu mliojaa kwenye ngazi za ngome na simu mikononi: nawaamkua nyote, na nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja.

Nimeombwa nizungumzie gemu za mbio za farasi. Gemu hizi zimekuwapo kwa nusu karne sasa. Zimepita kwenye mashine za kumbi za starehe, zikaingia kwenye televisheni za majumbani, na leo ziko kwenye simu. Kote zilikopita, zile zilizodumu ni zile zilizompa mchezaji mnyama wa kumlea. Mbio zenyewe ni fupi mno. Derby ya Epsom kule Uingereza, inayokimbiwa tangu 1780, ni mita 2,400 hivi, na farasi mzuri huimaliza kwa kiasi cha dakika mbili na nusu. Hakuna anayekesha usiku kucha kwa sababu ya dakika mbili na nusu. Anakesha kwa sababu ya yaliyotangulia: alimchagua dume gani na jike gani, alimlisha nini kitoto chao, alimpumzisha lini, alimpeleka kwenye mbio zipi na akamzuia asiende zipi. Elimu hiyo ya kumlea mnyama mpaka afike mstarini mji huu unayo, na ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Wala fikra yenyewe haikuzaliwa na kompyuta. Amepokea Ibn Umar, Allah amridhie, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi Madina. Farasi waliokuwa wametayarishwa kwa mbio walikimbia kutoka al-Hafya mpaka Thaniyyat al-Wada. Wale ambao hawakutayarishwa walipewa masafa mafupi zaidi, kutoka Thaniyyat al-Wada mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Masafa yalitofautiana kwa kuwa matayarisho yalitofautiana. Mtungaji wa gemu ya mbio leo huanza kazi na maswali hayohayo: mnyama huyu ametayarishwa kiasi gani, na masafa yapi yanamfaa?

Kabla ya skrini kulikuwa na michezo ya mezani. Mwaka 1938 kampuni ya Waddingtons ya Uingereza ilitoa mchezo uitwao Totopoly, wenye ubao wa pande mbili. Upande wa kwanza unawafanyisha farasi wako mazoezi. Ukimaliza, unaugeuza ubao na kukimbia upande wa pili, na faida au hasara uliyoipata mazoezini inakufuata huko. Mimi naupenda ubao huo kuliko mashine nyingi zilizokuja baadaye, kwa sababu aliyeutunga alikwisha kuona kwamba mbio huanza mapema, zizini.

Mashine za kwanza ziliisahau hekima hiyo. Mwaka 1975 Atari walitoa Steeplechase, mashine ya kumbini ambayo watu hadi sita walisimama mbele yake bega kwa bega, kila mmoja na kitufe chake. Farasi akikaribia kiunzi unabonyeza, anaruka. Ukichelewa, anajikwaa. Hayo tu. Mwaka 1987 Namco walitoa Family Jockey kwa mashine za nyumbani huko Japani, na hapo mchezaji akawa mpanda farasi mwenyewe: kuongeza mwendo, kushika hatamu, kutafuta upenyo. Zilikuwa gemu za mkono mwepesi. Ukizima televisheni, farasi wako amekwisha, humjui na yeye hakujui.

Mabadiliko makubwa yalikuja Desemba 1991. Kampuni ya ASCII ilitoa kaseti iitwayo Derby Stallion kwa mashine ya Famicom, kazi ya mtungaji Hiroyuki Sonobe. Wakati huo Japani nzima ilikuwa imeshikwa na mapenzi ya farasi. Farasi wa kijivu aitwaye Oguri Cap alikuwa amestaafu Desemba iliyotangulia kwa ushindi ambao watu wazima waliulilia uwanjani. Sonobe hakumpa mchezaji hatamu wala mjeledi. Alimpa zizi.

Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye siri.

Unaanza na pesa kidogo za mle ndani ya gemu, zisizonunua kitu nje yake. Unanunua jike mmoja wa bei nafuu. Skrini inakuonyesha orodha ya madume, kila mmoja na ada yake ya kupandisha, na chini ya jina la kila mmoja yameandikwa majina ya baba zake na babu zake vizazi kadhaa nyuma. Unalinganisha nasaba ya dume na ya jike wako. Jina moja likitokea pande zote mbili, kitoto kinaweza kuwa na kasi ya ajabu, na kinaweza vilevile kuzaliwa dhaifu wa mwili. Unachagua. Unangoja. Kitoto kinazaliwa, kinakua, kinakabidhiwa kwa mkufunzi, na wewe unaamua wiki baada ya wiki: leo afanye mazoezi mazito au mepesi? Akizidishiwa anakonda, na mguu unaweza kuumia. Akipunguziwa ananenepa na mbio zinamshinda. Siku ya mashindano ikifika huna la kufanya. Unakaa ukitazama picha ndogo ya farasi wako ikikimbia, mpanda farasi wa kompyuta yuko mgongoni, na wewe mikono mitupu.

Watu walidhani gemu ambayo mchezaji hafanyi kitu wakati wa mbio haitanunuliwa. Ikanunuliwa mno, ikazaa ndugu wengi, na bado ilikuwa inatolewa upya kwa mashine za mwaka 2020. Mimi naona sababu yake ni hiyo mikono mitupu. Kila mwenye mnyama aliyewahi kumwachilia mtoto wa jirani ampande punda wake siku ya mashindano anaujua moyo unavyodunda pale pembeni ya njia. Umefanya yako yote, limebaki la mnyama na la Mola wake.

Na ilifaa kufanywa kwenye kompyuta kwa sababu mbio za farasi zilikwisha kuwa hesabu muda mrefu kabla ya kompyuta. Waingereza walianza kuchapisha daftari la nasaba za farasi wao wa mbio mwaka 1791. Kwa upande wa baba, farasi wote wa aina hiyo duniani leo wanarudi kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Huyo Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, katika nchi ya Sham, akafikishwa Uingereza mwaka 1704, na walio wengi sana katika farasi wa mbio wa leo wanatokana naye. Masharifu mliopo hapa, mnaoweza kutaja babu zenu mmoja mmoja kurudi nyuma, mtaelewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote kwa nini mtu akeshe akisoma ukoo wa farasi ambaye hajawahi kumgusa.

Baada ya Derby Stallion wengine wakafuata. Koei walitoa Winning Post mwaka 1993, ambamo wewe ni tajiri mwenye farasi na miaka inapita kwa makumi. Tecmo wakatoa Gallop Racer mwaka 1996, wakamrudisha mchezaji mgongoni, ila safari hii kwa busara: farasi ana akiba ya nguvu, ukiimaliza mapema atakufia kwenye mkondo wa mwisho, na kila farasi ana tabia yake. Yuko anayependa kutangulia tangu mwanzo, yuko anayependa kufuata karibu, na yuko anayebaki mkiani kisha anawapita wote mwishoni. Ukimlazimisha wa mkiani atangulie, umemharibu. Mwaka 1997 Namco walijenga Final Furlong, mashine yenye umbo la farasi unalolipanda na kulitikisa kwa mwili wako wote. Ilichosha watu mapaja, ikafurahisha, ikapita.

Iliyonigusa zaidi katika zama hizo ni Derby Owners Club ya Sega, ya mwaka 1999. Fikirieni skrini kubwa ukutani na viti vinane mbele yake, kila kiti na skrini yake ndogo. Mchezaji anaingiza kadi. Ndani ya kadi hiyo yumo farasi wake: jina, umri, mbio alizoshinda, hali yake. Anamfanyisha mazoezi, anamlisha, kisha wote wanane wanatazama juu na kukimbizana. Mbio zikiisha anamsemesha farasi wake, amsifu au amkemee, na farasi anapokea au anakasirika. Halafu mtu anaichomoa kadi, anaitia mfukoni pamoja na kitambulisho chake, anakwenda kazini. Farasi yuko mfukoni. Kesho yake jioni anarudi naye. Wageni walioketi viti vya jirani wakawa wanajuana kwa majina ya farasi wao.

Hapo tutofautishe mambo mawili, maana najua wazee wangu mnasubiri niliseme hili.

Nazo zipo farasi za skrini za kamari. Mmeziona kwenye maduka ya kubeti bara na kwenye simu za vijana wetu: kila baada ya dakika chache farasi wa kuchorwa wanatoka, wanakimbia, mmoja anashinda, pesa inakwenda. Hizo siziiti gemu. Farasi yule hakuzaliwa, halishwi, hana jana wala kesho. Mshindi anachaguliwa na programu ya kubahatisha namba, na malipo yamepangwa ili mwenye duka asipate hasara mwisho wa siku. Nimeona mwanafunzi wangu, kijana mwerevu wa hesabu, akiipoteza karo humo, na hesabu yake yote haikumsaidia kwa sababu hapakuwa na kitu cha kujifunza. Ni kamari iliyovalishwa ngozi ya farasi, na nawaomba vijana msinichanganyie.

Uingereza, tarehe 4 Aprili 2020, mashindano ya Grand National yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya korona. Televisheni ya ITV ikaonyesha mbio za kuchorwa badala yake, farasi arobaini waliotengenezwa kwa takwimu za farasi wa kweli. Watu wapatao milioni 4.8 walitazama, Potters Corner akashinda, na faida ya kampuni za kubeti, pauni milioni 2.6, ikapelekwa kwenye mifuko ya kusaidia wahudumu wa afya. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha jinsi picha hizo zilivyokaribia kweli. Mwaka uliofuata, watu walinunua farasi wa kidijitali kwenye mtandao wa ZED Run, mmoja akiuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Mimi siwezi kuuheshimu ununuzi wa namna hiyo. Farasi akiwa hati ya kuuzia tu, mapenzi yanaondoka.

Sasa niwaambie habari ya farasi aliyeshindwa.

Kulikuwa na farasi jike aitwaye Haru Urara, aliyezaliwa mwaka 1996, akikimbia kwenye kiwanja kidogo cha Kochi, katika kisiwa cha Shikoku, Japani. Alikimbia mara 113. Hakushinda hata mara moja. Habari zake zilipoenea, watu wakaanza kumpenda kwa kule kurudi kwake mstarini kila mara. Machi 2004 Yutaka Take, mpanda farasi mwenye jina kubwa kuliko wote Japani, alikwenda Kochi kumpanda, na watu wapatao 13,000 wakaja kutazama. Alimaliza wa kumi katika farasi kumi na mmoja.

Februari 2021 kampuni ya Cygames ilitoa gemu ya simu iitwayo Uma Musume. Ndani yake, farasi maarufu wa Japani wamegeuzwa wasichana wanariadha wanaobeba majina na historia za farasi wale wa kweli, na mchezaji ni mkufunzi wao. Unawapangia mazoezi ya kasi, pumzi, nguvu, moyo na akili, miaka mitatu ya mle ndani, ukiangalia uchovu wao usije ukawaumiza. Haru Urara yumo. Gemu inampa ndoto ya kukimbia Arima Kinen, mbio za mita 2,500 kwenye nyasi, wakati yeye anafaa masafa mafupi kwenye udongo. Kila mtu anajua hazimfai. Wachezaji wengi wakajisumbua usiku na mchana kutafuta njia ya kumfikisha huko, na waliofaulu walisimulia kama watu waliomwoza binti yao.

Juni 2025 gemu hiyo ilitoka kwa Kiingereza, ikawafikia watu wa dunia nzima. Haru Urara wa kweli alikuwa bado hai, mzee, kwenye zizi la kustaafu. Watu ambao hawajawahi kumwona farasi kwa macho wakaanza kutuma pesa anunuliwe majani mabichi. Walikuwa wengi kiasi cha kuulemea mtandao wa kuchangia. Alikufa Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 29, akiwa ameshayala majani yao.

Sisemi gemu hiyo haina kasoro. Ili kumpata mhusika unayemtaka unabahatisha, na ukitaka kubahatisha tena unalipa. Wako waliomaliza mishahara humo. Hilo ni mlango wa nyuma wa kamari na linanikera sana. Lakini majani yale yalikuwa majani ya kweli, yakaliwa na mnyama wa kweli, na yaliletwa na gemu.

Nikiyatazama hayo, macho yangu yanageukia njia zetu.

Farasi hawakustawi katika pwani hii. Mbung'o na visubi wana maradhi yanayowaua. Punda akastawi. Punda ni Mwafrika, alifugwa kwanza upande wetu huu wa bara takriban miaka 7,000 iliyopita. Hapa Amu, ambako usita, yaani kichochoro cha mji, haupitishi gari, yeye ndiye aliyepandisha mawe ya matumbawe na boriti zilizojenga nyumba ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Hadi leo simiti, mchanga, mitungi ya gesi, friji ya bibi harusi, vyote vinapita mgongoni mwake. Na kwa mwaka mara kadhaa, wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha la utamaduni, tunamtoa mzigo na kumkimbiza kando ya bahari, kijana juu yake bila tandiko, mji mzima umesimama pembeni ukipiga kelele.

Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8. Ya 2019 ikakuta wapatao milioni 1.2. Katikati hapo palifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya biashara ya ngozi. Serikali iliyapiga marufuku mwaka 2020, na Umoja wa Afrika ukaipinga biashara hiyo bara zima Februari 2024. Punda walioibwa usiku na kuchinjwa porini hawakurudi. Dunia iliyomnunulia majani farasi mmoja wa Shikoku haikuwahi kusikia jina la punda hata mmoja wa Kenya.

Kwa hiyo nataka vijana wa hapa watunge gemu ya mbio za punda wa Amu. Si lazima iwe kubwa. Lazima iwe ya kweli.

Nimeifikiria sana na nitawaambia ninavyoiona. Mchezaji anaanza na kitoto cha punda, ambacho mama yake alikibeba kiasi cha mwaka mzima. Anakilea. Hatakiwi kukipakia mzigo mpaka kifike miaka minne, maana mifupa haijakomaa. Akikosa subira akakitia shogi, ule mfuko wa mzigo wa mgongoni, mapema, mgongo unapinda na gemu inalikumbuka kosa hilo maisha yake yote. Punda akikua anafanya kazi, kwa sababu punda wa Amu hakai bure akisubiri mashindano. Hapo ndipo gemu yetu inapozishinda za Wajapani. Farasi wa Derby Stallion ana kazi moja. Punda wetu ana kazi yake ya wiki, na wewe unahitaji pesa ya mzigo ili umnunulie pumba na umpeleke kliniki. Ukimpakia mchanga kupita kiasi Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa hawezi kushinda. Ukimpumzisha mno, huna pesa. Kila mwenye punda aliyeketi hapa anaipiga hesabu hiyo kila siku kichwani mwake, na hakuna mtungaji wa Tokyo anayeijua.

Halafu tabia. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama. Mnaijua: amefika katikati ya njia, ameona turubai jeusi linapepea, ameng'ang'ania miguu minne, na bakora haimsogezi. Watu husema ni mkaidi. Anachofanya ni kufikiri, kwa sababu mnyama wa majangwa na milima hawezi kukurupuka. Katika gemu yetu imani ya punda kwa mpandaji wake iwe namba muhimu kuliko kasi. Ukimpiga, imani inashuka, na siku ya mashindano atakusimamia mbele ya watu wote. Ukimzoesha njia taratibu, apite karibu na turubai, apite karibu na boti zinazounguruma, siku hiyo atapita.

Gemu za farasi zina hali ya kiwanja: nyasi kavu, nyasi zilizolowa, tope. Sisi tuna bamvua. Maji yakijaa sana yanapanda mpaka kando ya njia ya pwani na sakafu inateleza. Maji mafu yakiwapo njia ni kavu. Tuna kusi inayompuliza punda usoni au kisogoni kutegemea anaelekea wapi, na tuna kaskazi. Tuna mahamali wenye mikokoteni wakilia "simile!" Hakuna haja ya kuazima kitu.

Kliniki ya punda iliyofunguliwa hapa mwaka 1987 na shirika la Donkey Sanctuary imewatibu punda wetu bila malipo miaka yote hii, na imekuwa ikiwatuza wenye punda waliotunzwa vizuri zaidi. Tuzo hiyo iingie kwenye gemu. Mchezaji aweze kuushinda mwaka mzima bila kushinda mbio hata moja, kwa kuwa punda wake hana kidonda mgongoni, kwato zake zimekatwa vizuri na masikio yamesimama.

Na pasiwe na kubahatisha kwa pesa ndani yake. Hata senti.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Maswali.

*

Mzee mmoja wa Mtaa wa Mkomani aliuliza: "Mwalimu, maneno yako mazuri, lakini watoto washakaa sana na simu. Wewe unawaongezea?"

Nilimjibu: Mzee wangu, kweli wamekaa sana, na wengi wanacheza mpira wa kuchorwa wa Ulaya na bunduki za Marekani. Sikuja kuwaongezea saa. Kijana atakayeitunga gemu hii itambidi aende kwa mwenye punda, amuulize kwa nini shogi lake limeshonwa hivi na si vile, akae naye asubuhi nzima. Akirudi kwenye kompyuta atakuwa amejua jambo ambalo baba yake alikwisha kuacha kumwambia. Na atakayeicheza atajua kwamba mgongo wa punda unauma. Mwenyewe mzee unajua ni watoto wangapi hapa mjini wanaompiga punda kwa mchezo. Nataka mchezo mwingine.

Mwenye punda mmoja, aliyesimama na bakora yake pembeni ya mkungu, aliuliza: "Punda wangu akiingia humo, mimi napata nini?"

Swali la haki. Jibu langu: jina la punda na la mwenyewe liandikwe humo, kwa ruhusa yake na kwa makubaliano ya maandishi kabla ya kazi kuanza, na kama gemu itaingiza pesa, mgawo wake uwe umetajwa kwenye karatasi hiyo. Wako wamiliki wa farasi wa kweli walioombwa ruhusa kabla ya majina ya farasi wao kutumiwa kwenye gemu. Mwenye punda asiombwe kwa nini?

Kijana wa kidato cha nne aliuliza programu za kutungia gemu zinauzwa bei gani. Nilimwambia Godot ni bure na Blender ni bure, na gemu ya picha za bapa, kama ilivyokuwa Derby Stallion ya 1991, inaweza kutungwa kwenye kompyuta ya kawaida ya shule. Aanze na hesabu kwenye daftari: punda wawili, mzigo, siku saba. Hesabu ikimvutia kuicheza kwa penseli, ndipo achore picha.

Wa mwisho alikuwa msichana mdogo aliyesukumwa mbele na wenzake. "Mwalimu, mimi sijui kompyuta. Naweza kufanya nini?"

Mwanangu, nilimwambia, unayo simu ya mama? Tunahitaji sauti. Kwato za punda kwenye sakafu ya saruji ya pwani ni sauti moja, kwenye mchanga wa Shela ni nyingine, na ndani ya usita mwembamba zinarudi ukutani mara mbili. Punda akilia alfajiri kuna mwingine humjibu kutoka mtaa wa pili. Zirekodi zote, kila moja peke yake, na useme mwanzoni ni wapi na ni saa ngapi. Akasema nyumbani kwao kuna punda jike ana mimba. Basi huyo, nikamwambia, muulize baba yako alipandishwa lini na dume wa nani, uandike tarehe. Tutaanza na huyo.